Azimio la mwaka mpya linakufa Februari kila mwaka, mliofanikiwa kubadilisha tabia mlifanyaje?

MtuWaPasua

Wakuu habari za jioni. Niko Moshi huku Pasua, nachomelea mageti na madirisha. Naomba mawazo ya watu waliofanikiwa kweli. Desemba wote tunapanda nyumbani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, mbuzi, kisusio, ile supu ya damu, ndugu hamjaonana mwaka mzima, halafu mwaka ukigeuka kila mtu anasema sasa nabadilika. Langu ni moja, bia za kila jioni ziishe nibaki na jumapili na shughuli za ukoo, hiyo hela iende kwenye ada ya binti yangu. Januari naiweza vizuri tu maana mfukoni hamna kitu, ada, sare, madaftari. Februari kazi zikichanganya, saa kumi na moja jioni nina hela ya siku mkononi na grosari iko njiani, washkaji wameshakaa, nashtukia na mimi nimekaa. Wife anasema sina dhamira. Mimi naona kuna kitu zaidi ya dhamira maana kazini nikiamua jambo nalimaliza. Na zile siku 21 wanazosema tabia inabadilika, ni kweli?

Mwalimu_Njiro

Pole na majukumu mkuu. Siku 21 zimetoka kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa aliowabadilisha sura walihitaji siku kama 21 hivi, tena kwa uchache, ndo wazoee sura mpya. Watu wakaondoa hiyo "kwa uchache" wakaihamishia kwenye kila tabia. Waliokaa wakapima ni Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL kule London, utafiti ulitoka 2009, watu 96, kila mmoja akachagua kitu kimoja cha kufanya kila siku wakati uleule, mfano kunywa maji na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, wakafuatiliwa wiki 12. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 mpaka kitu kinakuja chenyewe bila kujisukuma, wa haraka 18, wa taratibu kabisa walimkadiria 254. Sasa piga hesabu, ukianza tarehe 1 Januari siku ya 66 inaangukia wiki ya kwanza ya Machi. Februari bado uko katikati na ndo hapohapo hela inarudi mkononi, kwa hiyo usikubali kujiita dhaifu.

Halafu walichokiona pia ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu, mtu aliendelea pale alipoishia. Hili naomba ulishike sana, maana wengi tukiteleza jumanne moja tunatangaza mwaka umeharibika tunasubiri Januari nyingine.

Angalizo, wale walikuwa wanajenga tabia mpya, kuacha ya zamani ni kugumu zaidi. Ndo maana usiishie kusema sitakunywa, hiyo saa kumi na moja ipe kazi. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu hili tangu miaka ya 90, anayepanga kabisa "ikifika saa fulani nikiwa mahali fulani nitafanya kitu fulani" anatimiza kuliko anayesema tu nataka. Andika sentensi yako, moja tu.

Chalii_wa_Kilombero

Chalii wangu badilisha njia. Nasema kweli kabisa. Mimi niko Chuga, Arusha hapa, naendesha bajaji, nilikuwa navuta fegi, nanunua mojamoja kwa dogo anayepita kijiweni, na kila nikiacha nilikuwa naacha nikiwa nimekaa palepale, dogo anapita na box lake, washkaji wanawasha, sasa unaachaje? Nikahamia kijiwe kingine watu wengi pale hawavuti, wiki za kwanza abiria wachache na roho inauma kweli ila hamu ilipungua yenyewe sikupigana nayo sana. Wewe ukitoka na hela mkononi ukapita grosari umeshashindwa kabla hujafika, zunguka hata kama ni mbali, au mwambie boda mmoja akufuate kila siku saa hiyo. Na kama una pumzi jiandikishe Kilimanjaro Marathon, si iko hapohapo kwenu Moshi mwishoni mwa Februari, kuna ya kilomita 5 mtu yeyote anakimbia, jioni unafanya mazoezi na inaangukia mwezi uleule unaokusumbua.

MamaVikoba

Mwanangu mimi niko hapohapo Moshi, nauza Mbuyuni. Hela ikilala mfukoni kwako itanywewa tu, itoe mapema. Kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba, tunakutana kila wiki, unanunua hisa mbele ya wenzio, usipoleta unalipa faini, na sanduku lina kufuli tatu funguo zinashikwa na watu watatu tofauti kwa hiyo hata ukiamka usiku na shida ya uongo hulifungui. Wanaume wengi wanaona vikoba ni mambo ya wanawake, wanajinyima kitu kizuri. Kule Ufilipino watafiti walijaribu na wavuta sigara, mtu anaweka hela yake benki miezi sita, akipimwa akikutwa bado anavuta hela inaenda kwa wasiojiweza, na waliopewa huo mpango waliacha zaidi kuliko ambao hawakupewa. Hisa zako ziite za binti, kwa jina lake.

Na mkeo usimgeuze polisi wa kukunusa mdomo kila jioni, mtagombana bure. Mwambie hiyo sentensi ya mwalimu halafu mwombe akusaidie kwenye kitu kimoja tu.

NesiMachame

Naongezea jambo la afya. Kaka kama unakunywa kiasi cha kawaida endelea na ushauri huu. Ila kama asubuhi mikono inatetemeka, unatoka jasho, huwezi kutulia mpaka upate ya kwanza, usikate ghafla peke yako, kuna watu wanapata degedege au kuchanganyikiwa na inaua. Nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, useme ukweli unakunywa kiasi gani, watakusaidia ushuke salama.

MtuWaPasua

Asanteni sana, dalili hizo nesi sina nashukuru Mungu. Nimeandika hivi, "nikifunga karakana saa kumi na moja, namfuata binti tuisheni tunarudi wote kwa njia ya juu", na wife kazi yake ni kupokea hela ya siku kwa simu kabla sijatoka, jumamosi inaenda kikoba, mama nitakutafuta Mbuyuni. Kimebaki kimoja, washkaji watasema najidai, na kwenye shughuli za ukoo ukikataa kata ya mbege wazee wanaona umewadharau.

MamaVikoba

Shughuli za ukoo si umesema umeziacha ziwe ruhusa? Basi ipokee kwa mikono miwili, onja, mpe wa pembeni, hakuna mzee anayehesabu umemeza mafunda mangapi. Hao wa grosari mchukue mmoja anayekuheshimu umwambie pembeni kabla ya ijumaa kwamba ni ada ya mtoto, yeye ndo atawaambia wengine wakuache.