Popo wa pale mtini (gumzo la majirani)

Mama Salma: Jamani kuna watu wamekuja alfajiri na glavu na barakoa wakatandika nailoni chini ya ule mti wa popo, nimewauliza wanasema wanatafuta korona kwenye kinyesi. Sasa na hawa watoto tufanyeje?

Idi: Mi nlishasema hao popo wachomwe moto, leo usiku tunamaliza kazi

Rehema: Kaka Idi nakuomba usichome. Shikamoo Mama Salma, msiogope, hiyo ndo kazi tunayofanya maabara. Wanakinga kinyesi popo wakirudi kulala, siku nyingine wanawanasa kwa nyavu jioni wanawapangusa mdomoni na kijiti cha pamba kisha wanawaachia, halafu sampuli inapimwa kwa PCR, kipimo cha kunakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane, kutafuta kipande cha jeni ambacho korona karibu zote wanacho, ikionekana wanaisoma wajue ni ya ukoo gani

Mzee Kombo: Kwa hiyo mwanangu wakiikuta ndo ugonjwa umeshafika?

Rehema: Hapana mzee wangu, nyingi zinazokutwa haziwezi kuingia kwenye seli zetu. Ila njia ipo, baada ya SARS ya 2002 na 2003, ule ugonjwa wa mapafu ulioletwa na korona nyingine, wanasayansi wakaja kukuta ndugu za kirusi chake kwenye popo wa China, walitangaza 2005. Ndo maana hawapimi mara moja wakaondoka, virusi vinapanda na kushuka na mara nyingi vinapanda watoto wa popo wakiacha kunyonya, sasa popo wa mjini analala juu ya vichwa vya watu lazima ujue ni miezi ipi

Idi: Si ndo hoja yangu, tukiwamaliza vinaisha

Rehema: Haviishi kaka. Uganda kwenye mgodi wa Kitaka wachimbaji waliugua Marburg 2007, homa kali inayofanana na Ebola, popo wakaja kuuliwa wote, wengine wakarudi na 2012 walipopimwa kiwango cha wenye Marburg kilikuwa zaidi ya mara mbili ya zamani. Ni kirusi kingine sawa, lakini kuua popo kunaacha nafasi na wageni wanaingia na virusi vyao

Idi: Duh. Haya, na hawa wa kwenye dari langu je

Rehema: Subiri watoto waweze kuruka, halafu usiku wote wakishatoka ndo uzibe matundu. Kinyesi usifagie kikavu, kilowanishe kwanza na uvae barakoa

Mama Salma: Mwanangu juzi aliokota popo kaanguka

Rehema: Mama alimng'ata au kumkwaruza?? Kama ndiyo mpeleke hospitali sasa hivi usisubiri kesho, kuna virusi vya ukoo wa kichaa cha mbwa. Na kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15

Mama Salma: Anasema kuna mkwaruzo kidoleni, tunaosha tunatoka

Mzee Kombo: Idi washa gari uwapeleke. Na hao watafiti wakirudi waambieni majibu tunayataka na sisi, popo ni wa kwetu