Naomba ushauri: darasa la uchumi lina watu zaidi ya 300, teknolojia ipi itasaidia kweli?

mwalimu_wa_semina
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Tanzania. Nafundisha utangulizi wa uchumi kwa mwaka wa kwanza, wanafunzi zaidi ya 300 kwenye ukumbi mmoja. Projekta ipo. Intaneti ya chuo ipo pia, ila watu wote hao wakiingia kwa pamoja haifunguki kitu. Wengi wana simu janja, lakini bando ni la kuhesabia, hasa mkopo wa bodi ukichelewa. Wenye vitochi nao wapo.

Idara inatutaka tuongeze matumizi ya teknolojia. Mpaka sasa teknolojia yenyewe ni slaidi. Naonyesha mistari ya mahitaji na ugavi, wanaipiga picha, kipindi kinaisha. Kwenye mtihani wanachora vizuri, lakini ukiuliza tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilimwangukia nani zaidi, mtumaji, wakala au kampuni, wanaandika "serikali ipunguze kodi" na kuishia hapo. Inaniuma, maana hawa ndio maofisa mipango wa kesho kwenye halmashauri zetu. Nifanye nini ambacho mwanafunzi wa kawaida atakimudu?

Mchumi Shamba
Mwalimu, achana kwanza na ukumbi mkubwa, anzia kwenye semina. Endesha soko humo ndani.

Chukua wanafunzi 20. Kumi wawe wanunuzi wa debe la mahindi, kumi wauzaji. Kila mmoja mpe kikaratasi chake cha siri. Mnunuzi wa kwanza asitoe zaidi ya Sh14,000, anayefuata 13,000, shuka hivyo hadi 5,000. Muuzaji wa kwanza gharama yake Sh4,000, anayefuata 5,000, panda hadi 13,000. Asiuze kwa hasara. Waache wapatane kwa dakika chache. Wawili wakikubaliana wanakuja mbele, CR (kiongozi wa darasa) anaingiza bei kwenye Excel na nukta inaonekana ukutani papo hapo. Raundi ya kwanza nukta zinatapakaa. Rudia na vikaratasi vilevile, utaziona zinajikusanya karibu na 9,000, na namba hiyo hakuna aliyewatajia.

Sasa mtoze muuzaji kodi ya Sh2,000 kwa debe. Bei inaelekea 10,000, haifiki 11,000. Raundi inayofuata ihamishie kodi kwa mnunuzi: bei inashuka kuelekea 8,000, lakini ukijumlisha kodi, mnunuzi ametoa 10,000 ileile na muuzaji amebaki na 8,000 ileile. Wakishaliona hilo kwa macho yao, waulize habari ya tozo.

Ukitaka wauelewe unyumbufu (bei ikibadilika, watu wanabadilisha manunuzi kwa kiasi gani), wape wanunuzi vikaratasi vyenye bei zinazokaribiana, yaani watu wenye njia mbadala, kama wale walioamua kumpa dereva wa basi fedha taslimu awafikishie ndugu zao. Mzigo mkubwa wa kodi utamwelemea muuzaji.

Jambo hili limeshapimwa. Edward Chamberlin wa Harvard alichapisha matokeo ya soko la darasani mwaka 1948. Vernon Smith, aliyeshiriki masoko hayo akiwa mwanafunzi, baadaye aliyaboresha kwa kurudia raundi na kufanya bei zitangazwe hadharani. Alichapisha kazi yake mwaka 1962, na 2002 akapewa Nobel ya uchumi. Wewe unahitaji laptop moja tu.

KalamuNyekundu
Nimefundisha kozi hii miaka mingi na nina wasiwasi. Mtaala ni mrefu, semina ni saa moja. Mchezo ukila semina mbili, nani atafundisha gharama za uzalishaji? Halafu mtihani bado ni wa kalamu na karatasi. Kinachowaangusha wanafunzi ni slaidi, kwa sababu inaleta mchoro ukiwa umeshakamilika. Kwenye ubao mwanafunzi anauona mstari ukisogea wakati mwalimu anaeleza kwa nini unasogea, naye anausogeza kwenye daftari lake. Msimnyang'anye hicho.

Mchumi Shamba
Mzee wangu, kuhusu ubao nakubaliana nawe kabisa. Soko likiisha, kila mmoja ataje namba ya kikaratasi chake, wazipange, wachore mistari kwa mkono. Semina moja inatosha kwa soko na kodi. Nyingine ni ya kuchora, ambayo ungeifanya hata hivyo.

Jirani wa Eldoret
Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka Kenya. Sisi tulijifunza mengi 2020 vyuo vilipofungwa. Mihadhara ya video ya moja kwa moja iliwaacha nje watoto wa vijijini. Kilichowafikia ni sauti fupi kwenye WhatsApp, kila moja ikibeba wazo moja, pamoja na picha ya mchoro uliochorwa kwa mkono. Anaipakua mara moja na kuisikiliza akiwa kwenye matatu. Maswali ya Moodle (mfumo wa masomo mtandaoni) yaache wazi wiki nzima ili ajaze siku atakayopata mtandao. Na tafadhali, usitoe alama kwa kuwa mtandaoni saa fulani. Hapo utakuwa unapima bando.

mwaka_wa_pili
Mimi ni mwanafunzi, naomba niseme kidogo. Mkifika ekonometria (kupima mambo ya uchumi kwa takwimu), msitulazimishe Stata, programu ya takwimu ya kulipia. Leseni hatuiwezi, kwa hiyo watu wanasambaziana za wizi zenye virusi. Gretl ni ya bure, unaigawa kwa flashi na ukishaiweka haihitaji intaneti. R nayo ni bure kwa anayetaka kwenda mbali. Takwimu za Benki ya Dunia ziko wazi tangu 2010. Mwalimu akipakua faili moja akatugawia, darasa zima linafanya kazi.

mwalimu_wa_semina
Asanteni sana, nimenakili yote. Soko nitalijaribu wiki ijayo na kundi la kwanza la semina, na slaidi za michoro naziondoa. Bado jambo moja: kazi za nyumbani sasa zinaandikwa na akili mnemba. Insha 300, mtiririko mmoja.

Mchumi Shamba
Badilisha swali. Kila mwanafunzi achague soko au duka moja, arekodi bei ya mchele, sukari, mafuta ya kula na nauli yake kila Jumamosi hadi muhula uishe. Mwishoni atengeneze fahirisi yake, yaani namba moja inayoonyesha bei hizo zimepanda kiasi gani kwa ujumla, ailinganishe na mfumuko wa bei unaotangazwa na NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu), aeleze kwa nini yake imepishana na ya taifa, kisha aitetee mbele ya wenzake kwenye semina. Akili mnemba itampangia sentensi, ila bei ya sukari kwenye duka la jirani yake lazima akaiulize mwenyewe. Tumieni laha moja ya Excel kwa kila kundi, aijaze CR, na wenye vitochi wamtumie bei zao kwa SMS.