Tupeane uzoefu: nani kwao kuna bibi wa Kiboni au Kisanye?

Binti Langoni: Assalaam aleikum ndugu zangu. Hapa Lamu ukimuuliza mtu nasaba yake atakutajia babu aliyekuja na jahazi kutoka Hadhramaut, na kijiji alichotoka. Muulize babu huyo alioa nani, kimya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwaweer, hawa watu wa msituni, wawindaji na warina asali, tunaowaita Waboni, wa upande wa Bargoni. Nililijua hilo matangani kwake, walipoingia wazee na dumu la asali na mjomba akawakalisha pamoja na wafiwa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya DNA ya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, Manda na Faza zikiwemo: kiasi cha mwaka 1000 wanaume wa Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Watu wakabishana kuhusu Uajemi. Mimi nawataka hao mama. Tuwataje.

Mbajuni wa Faza: Kwetu halikuwa siri. Babu alikuwa na watu wake Mangai, kijiji cha Waboni. Anapeleka ng'onda na mahindi, anarudi na asali na dawa za miti. Dada yake aliolewa huko, kwa hiyo ni mashemeji hasa. Vita vya shifta miaka ya 60 ndivyo vilivyotutenganisha. Wakatolewa msituni, wakakusanywa kando ya barabara ya Kiunga, na tangu operesheni ya usalama ya 2015 dhidi ya al-Shabaab msituni Boni, kwenda kuwaona ni vizuizi juu ya vizuizi.

Mama Zawadi, Malindi: Mimi ni Mgiriama kwa baba, lakini mama yake baba alikuwa Mwaata, Msanye wa kando ya mto Galana. Baba yake alikuwa mwindaji wa ndovu. Tsavo ilipofanywa hifadhi mwaka 1948, kazi aliyorithi ikawa ujangili, akafungwa. Bibi akaolewa, akajiita Mgiriama hadi kufa. Akikasirika tu ndipo Kioromo kilipomtoka, na sisi watoto tunakimbilia nyuma ya jiko. Upinde wa yule mzee uko kwa ami yangu. Vijana wa nguvu wamejaribu kuuvuta, wachukuzi wa magunia, haujafika hata nusu. Inaniuma kwamba aliona afadhali kulificha hilo kuliko kuwa nalo.

Nassor K.: Kwetu pia yupo, ila wazee hawataki tuseme. Nawasoma.

Kijana wa Milimani: Mimi ni Mwaweer mwenyewe. Nimefurahi, lakini naomba msitutaje kana kwamba tumekwisha. Misitu ya Boni na Dodori ilifanywa hifadhi mwaka 1976, uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima 1977, na mpaka leo tunaishi pale pale, tunarina asali, tunalima mahindi yanayoliwa na nyani. Mama yangu alishuka mjini kufuatilia kitambulisho akalala barazani, na nyumba ya jamaa zetu ipo, anaijua. Kama bibi yenu ni shangazi yetu, basi tukija tufungulieni mlango. Tukiozesha, njooni.

Binti Langoni: Ndugu yangu wa Milimani, mwambie mama kwetu ni Langoni, akija asilale tena nje. Bibi alikuwa na kaka aliyebaki Bargoni, mrina asali, mguu mmoja una kovu la moto. Tafadhali waulize wazee kama ana watoto. Mama yangu anataka kuja.