Mvua ikinyesha mnatokaje kukimbia?

Jamani wakimbiaji, alamu inalia saa 11 alfajiri nasikia mvua huko nje, basi navuta shuka. Wiki ya pili sasa sijakimbia hata kilomita moja, nyie mnajitoaje kitandani?

— Mi nalala na nguo za mazoezi kabisa, viatu viko mlangoni, najiambia dakika 10 tu nikichoka narudi, ila nikishalowa sirudi maana ushalowa unaogopa nini tena

— Vaa kofia yenye ukingo maji yasikuingie machoni. Tisheti ya pamba achana nayo, ikilowa inakuwa nzito halafu inachubua chuchu, we acha tu! Ukirudi jaza magazeti kwenye viatu vikauke.

— Radi zikianza lakini lala ndugu yangu, huo sio uvivu

Asanteni, nguo nshavaa hapa 😂