Naomba ushauri: mvua na joto kwenye grafu moja ya Octave (programu ya kompyuta ya hesabu na grafu)

Habari zenu wakuu. Nina data za mvua na joto la kila mwezi, vituo viwili: Dodoma na Tanga. Nikitumia amri za plot (kuchora) na hold on (kuongeza mstari juu ya grafu iliyopo) mistari yote inatoka, ila joto linalala chini kabisa, maana mvua inapanda mpaka milimita 200 na ushee wakati joto halifiki hata 35. Amri ya plotyy imenipa mhimili wa pili kulia, safi. Shida ni joto la Tanga: nikiliongeza linakimbilia mhimili wa kushoto, kwenye mvua. Nalipelekaje kulia? Na maelezo ya rangi yaonyeshe mistari yote minne. Excel naijua, tafadhali msinirudishe huko. Nataka skripti moja (faili la amri) niitumie kila mwaka. Mwenye mfano wa code atupie hapa.