Vigogo wa Roma ya kale: kweli walikula wamelala?

Mpenda_Kale
Wakuu, salaam. Jana kijiweni kulizuka ubishi hadi kahawa ikapoa. Jamaa mmoja kashikilia kwamba vigogo wa Roma ya kale walikula wamelala chali, wakishiba wanaingia chumba maalumu cha kutapikia, kisha wanarudi mezani. Naona anatupiga kamba. Mwenye kujua anieleze: karamu zao zilikuwaje? Na mtu wa kawaida alialikwa?

Mzee_wa_Makavazi
Chali tena? Wangekabwa na miiba. Walijilaza ubavu, kiwiko cha kushoto juu ya mto, mkono wa kulia unachukua chakula. Viatu vinavuliwa, mtumwa anakuosha miguu. Vitanda vitatu vinazunguka meza, upande wa nne wazi ili wahudumu wapite. Kila kitanda watu watatu, jumla tisa.

Chumba cha kutapikia hakikuwepo. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwasuta walafi waliotapika ili wale tena, lakini yule mzee alimsuta karibu kila mtu.

Mimi nisingeanza na matapishi, ningeanza na nani kalazwa wapi. Nafasi ya heshima ilikuwa ya mwisho kwenye kitanda cha kati, bega kwa bega na mwenye nyumba. Ukitupwa pembeni, umeshajua anakuonaje. Na sahani nayo inasema. Pliny Mdogo, mwanasheria na seneta, anasimulia kwenye barua yake jinsi alivyokula kwa bwana mmoja aliyejiwekea yeye na wachache vyakula vya maana, wengine wakapewa makombokombo. Mvinyo ulikuwa wa aina tatu: mmoja wake na akina Pliny, wa pili wa marafiki wadogo (marafiki walikuwa na madaraja!), wa tatu wa watumwa walioachwa huru. Jirani yake mezani akamuuliza, wewe kwako unafanyaje? Pliny akasema wote nawapa sawa. Si unafilisika? Hata kidogo, wao hawanywi ninachokunywa mimi, mimi ndiye nakunywa wanachokunywa wao.

Anajisifu, ndiyo, lakini jibu ni tamu.

Binti_Pwani
Kumbe ni harusi zetu za mjini! Meza kuu kuku mzima, huku nyuma unagombania pilau na sinia limeshakwanguliwa 😂

Mpenda_Kale
Mzee, shukrani. Hujanijibu la mtu wa kawaida lakini.

Mzee_wa_Makavazi
Nakuja, kijana. Mtu wa kawaida alikuwa na mkubwa wake wa kumtegemea. Alfajiri anavaa toga, lile vazi zito la sufu, anakwenda kupanga foleni mlangoni kwake amwamkie. Akibahatika anaalikwa chakula cha jioni. Asipobahatika anapewa posho; wakati wa mshairi Martial ilikuwa sarafu ndogo 100 za quadrans. Martial mwenyewe alizipanda hizo ngazi za watu, na analalamika kwelikweli: mwenyeji anakula chaza wanono, yeye anafyonza kome.

Mchokozi_255
Yaani hao vigogo wenyewe walikuwa wanafurahia karamu au ni presha tu?

Mzee_wa_Makavazi
Muulize Cicero, mwanasiasa na msemaji maarufu wa Roma. Desemba mwaka 45 KK Julius Caesar, mtawala wa Roma wakati huo, alimtembelea kwenye nyumba yake ya pwani karibu na Puteoli, akiwa na msafara wa watu 2,000. Askari wakapiga kambi shambani. Caesar akaoga, akapakwa mafuta, akajilaza mezani. Alikuwa kwenye dawa ya kutapisha, kwa hiyo alikula na kunywa bila woga (hapo mwambie jamaa yako wa kijiweni kwamba kapata nusu alama). Wasaidizi wake wakaandaliwa vyumba vingine vitatu, wenye hadhi wakapewa vya hadhi. Siasa haikuguswa kabisa, na hao ni watu waliokuwa na mengi ya kuambiana. Wakazungumza vitabu tu. Mgeni alipoondoka Cicero akamwandikia rafiki yake Atticus kwamba mambo yalikwenda vizuri, ila huyu si mgeni wa kumwambia "karibu tena ukipita huku". Mara moja yatosha.