Thaddeus Stevens: kwa nini Rais Andrew Johnson wa Marekani hakung'oka 1868?

Mdau wa Moshi: Wakuu, kuna mdahalo wa kidato cha sita hapa Moshi. Stevens, mwanasheria na mbunge wa jimbo la Pennsylvania aliyepigania Johnson aondolewe, alikwama wapi?

Wakili Njiro: Mkuu, usichanganye hatua (wengi hudhani kushtakiwa ndiyo kufukuzwa). Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida. Seneti ndiyo huhukumu, kwa theluthi mbili. Maseneta 54, zikahitajika kura 36, zikapatikana 35! Stevens alikuwa hoi, akibebwa kwa kiti hadi ukumbini. Alifariki Agosti 11 mwaka huohuo.

Kaloleni: Ongeza kaburi lake, mjini Lancaster, Pennsylvania. Alichagua makaburi yasiyobagua rangi, na sababu imechongwa kwenye jiwe lenyewe.

Mdau wa Moshi: Shukrani wakuu. Naanzia na hizo 35.